Unaanza kazi ya kujitegemea kwenye nyumba ya kupanga Mombasa? Zungumza na mwenye nyumba kabla ya kumtafuta mteja

#1 BintiTudor (mleta uzi)

Asalaam aleikum wadau, na hodi kwa wote.

Mwezi haupiti bila kutumiwa ujumbe na mtu aliyeacha au kuachishwa kazi, mara ya hoteli, mara ya ofisi ya uwakala wa mizigo kule Kilindini. Ana kompyuta yake na ujuzi wake, na swali lake ni lile lile: wateja nawapata wapi? Bado sijampata aliyeniuliza kuhusu nyumba anayokaa. Mimi yaliyonisumbua mwaka wangu wa kwanza hayakutoka kwa wateja, yalitoka mlangoni pangu. Kwa hivyo nayaandika hapa yote, mnisamehe kwa urefu.

Kazi yangu ni kutafsiri, na pia kurekodi sauti za Kiswahili kwa matangazo na masomo ya mtandaoni. Napanga nyumba ya vyumba viwili Tudor, ghorofa ya pili. Nilianza kimya kimya. Nilijiambia ni mimi na kompyuta yangu, nani atajua? Lakini nyumba za kupanga huku kwetu zina macho. Bodaboda aliyekuwa akiniletea bahasha alikuwa akikosea mlango na kumbishia hodi jirani wa chini. Wateja wawili walikuja na faili zao wakakaa kwenye ngazi wakinisubiri nirudi kutoka sokoni. Halafu nilikuwa nikirekodi usiku, kwa sababu mchana kuna honi za matatu, na mtaa wa nyuma kuna fundi wa mageti anayekata vyuma kuanzia asubuhi. Saa sita za usiku mtu akisikika akirudia sentensi moja mara nane, jirani ana haki ya kuuliza kulikoni.

Jumamosi moja mzee mwenye nyumba alikuja mwenyewe, hakumtuma keateka. Nilimkaribisha kiti akakataa. Akaniambia, "Mwanangu, nimesikia umefungua ofisi kwenye nyumba yangu." Mkononi alikuwa na mkataba wetu, ameukunja pale penye kifungu kinachosema nyumba ni ya kuishi tu na haitatumiwa kwa biashara ya aina yoyote. Chini yake pana sahihi yangu. Sikuwa na la kujibu. Akanipa notisi ya mwezi mmoja, kwa maandishi.

Wakati huo nilikuwa na masomo 40 ya kurekodi, nusu ya malipo nimeshapokea na nimeshayalipia karo ya mdogo wangu. Na kifaa changu kikubwa cha kazi hakibebeki: ni kabati la ukutani la chumba cha pili. Nililitoa mbao za kati, nikapigilia ndani blanketi mbili nzito na leso za mamangu, moja juu ya nyingine, hadi sauti ikafa kabisa. Ukiingia unafunga mlango, unazima feni kwa sababu maikrofoni inaisikia, unasoma kurasa mbili, unatoka nje umelowa kama uliyetoka baharini. Januari na Februari huwezi kukaa mle zaidi ya dakika kumi. Lakini sauti inayotoka ni safi, wateja hawaniulizi nina studio gani.

Siku ya tatu ya ile notisi nilikwenda kwa mzee nyumbani kwake baada ya alasiri. Nikamwambia, mzee, umehukumu kitu ambacho hujakiona, na kosa ni langu kwa kukuficha. Njoo uone. Akaja. Nikamfungulia kabati, nikamvisha vifaa vya masikioni, nikamsikilizisha somo moja la watoto la hesabu. Akasikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza maswali matatu, na nawaomba muyashike, kwani naamini kila mwenye nyumba anayo: watu wangapi watakuwa wakiingia hapa? Stima inayozidi analipa nani? Na watu wa kaunti wakija, wanamtafuta nani, mimi au wewe?

Tuliandika karatasi moja ya nyongeza kwenye mkataba. Imesema naruhusiwa kazi ya kompyuta na kurekodi sauti, nyumba ikibaki makaazi yangu. Hakuna kibao langoni. Wateja hawaji, nakutana nao mjini. Siajiri mtu wa kuja kufanya kazi mle ndani. Saa nne usiku maikrofoni imezimwa. Matundu ya misumari nitaziba na kupaka rangi siku nikihama. Leseni, ushuru au faini yoyote inayotokana na kazi yangu ni juu yangu. Na mwisho, hili nililipigania hasa: kodi ya nyumba haitapanda kwa sababu ya kazi hii hadi mkataba uishe. Nakala mbili, sahihi mbili, keateka shahidi. Notisi ikafutwa kwa maandishi pia, msisahau hilo, notisi iliyofutwa kwa mdomo bado ipo.

Jirani wa chini nilimpelekea mahamri na mbaazi nikamwomba radhi. Siku hizi bodaboda akikosea mlango ananipigia simu.

#2 BintiTudor

Naendelea na upande wa stima na intaneti, kwa sababu hapa ndipo watu wanapokosana na wenzao bila kujua.

Nyumba nyingi za zamani Mombasa, wapangaji wawili au watatu wako kwenye mita moja na wanachanga tokeni. Wewe ukiwa mtu wa kutoka asubuhi na kurudi jioni, mchango sawa ni haki. Ukishakaa nyumbani mchana kutwa na kompyuta na feni, si haki tena, na wenzako wataligundua kabla yako. Tena bei ya stima ya nyumbani ni ya madaraja: ukiwa chini ya uniti 30 kwa mwezi una bei yako, ukipita 30 nyingine, ukipita 100 nyingine tena. Kwa hivyo mita ya pamoja ikivuka daraja kwa sababu yako, kila uniti ya kila mtu imekuwa ghali. Mimi nilimwomba mzee nitiliwe mita ndogo yangu nikailipia mwenyewe. Kama haiwezekani, ongeza mchango wako bila kusubiri kuambiwa.

Intaneti: kabla ya kulipa dipoziti ya nyumba uliza ni kampuni gani zimeruhusiwa kuvuta waya kwenye jengo. Kuna majengo yana kampuni moja tu, ikikatika umekwama. Sisi tunajivunia kwamba nyaya za baharini zinatua hapa hapa Mombasa, SEACOM, TEAMS, EASSy na nyinginezo, lakini Mei 2024 SEACOM na EASSy zilikatika kwa pamoja na Afrika Mashariki yote ikayumba. Mimi nilikuwa na kazi ya kupeleka siku zile. Tangu hapo nina laini ya pili ya mtandao tofauti, na kazi kubwa siipeleki saa ya mwisho.

Na chumvi, wadau. Ukikaa karibu na maji, hewa yetu inakula vyuma. Nilifungua kompyuta yangu ya kwanza baada ya miaka miwili nikakuta matundu ya kuchomekea waya yameota kutu ya kijani. Funika vifaa usiku, weka vile vipakiti vya kunyonya unyevu kwenye mkoba. Mashine ikifa umepoteza mshahara, wala si kompyuta tu.

Ya KRA (mamlaka ya ushuru) na kaunti nawaachia wanaoyajua zaidi. Najua humu wapo.

#3 KijanaMajengo

Shukran dada, umenigusa. Mimi napanga chumba kwenye nyumba ya Kiswahili hapa Majengo, ile ya ukumbi katikati na vyumba pande zote. Nataka kuanza kuchora nembo na kuchapa fulana, mashine ya kubana kwa joto ninayo tayari. Mkataba wa maandishi hatuna, nalipa kwa M-Pesa kila mwezi. Na pale kwetu nyumba ni ya Bi mmoja lakini ardhi ni ya mtu mwengine. Hapo nazungumza na nani?

#4 MhasibuChangamwe

Nimeitwa, nimekuja. Nitasema yale ninayoyaona wateja wangu wakikosea.

Kwanza, pesa ikitoka Ujerumani au Marekani, bado ni mapato yako ya Kenya. Kazi umeifanyia hapa, ushuru unadaiwa hapa. Watu wengi wanajaza ritani ya sifuri kila Juni huku akaunti inasema mengine. Usifanye hivyo. Ritani ya mwaka mwisho wake ni tarehe 30 Juni, na ukichelewa faini ya mtu binafsi ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, kubwa kati ya hizo.

Pili, watu wanakimbilia ushuru wa mauzo, ule wa asilimia 3 kwa wenye mauzo kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Unavutia kwa sababu ni rahisi. Lakini sheria imeutoa nje ujira wa kazi za kitaalamu na ushauri. Mfasiri, mhasibu, msanifu anayelipwa kama mtaalamu, hapo si mahali pake. Anayechapa na kuuza fulana, hilo ni jambo tofauti, yeye anauza bidhaa. KijanaMajengo, wewe una vyote viwili, zitenge hesabu zako tangu siku ya kwanza.

Tatu, kampuni ya hapa nchini ikikulipa ujira wa kitaalamu wa kuanzia shilingi 24,000 kwa mwezi, itakata asilimia 5 na kuipeleka KRA kwa jina lako. Hiyo si hasara, ni ushuru uliolipwa mapema, unaudai kwenye ritani yako. Nimewaona watu wakigombana na mteja kwamba ameiba, kumbe cheti cha makato kipo kwenye iTax, tovuti ya KRA, kinawasubiri. Kiangalie kila robo ya mwaka. Kama mteja amekata na cheti hakipo, hapo ndipo upige simu.

Nne ni eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Tangu Januari 2024 mteja mwenye biashara hawezi kuhesabu malipo yako kama gharama bila ankara ya eTIMS. Ndiyo sababu ankara yako nzuri ya rangi inarudishwa. Huhitaji mashine, mwenye kazi ndogo anaweza kuitoa kupitia eCitizen au kwa simu kwa *222#.

Na ushuru wako ukitarajiwa kupita shilingi 40,000 kwa mwaka, unalipwa kwa awamu nne, tarehe 20 ya Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Ninawashauri wateja wangu wawe na akaunti ya pembeni, kila malipo yakiingia robo yake inakwenda huko siku hiyo hiyo.

Mleta uzi, kuhusu nyumba: sehemu ya kodi na stima inaweza kuingia kwenye gharama, lakini ile tu inayohusu kazi kweli. Kama chumba kimoja kati ya vinne ni cha kazi peke yake, una hoja. Kama ni meza ya sebuleni ambapo watoto wanakula, hoja yako ni dhaifu. Weka risiti na hesabu miaka mitano.

#5 BintiTudor

Maalim, shukran sana. Hilo la cheti nilikuwa silijui mwaka wa kwanza, nilimlaumu mteja bure. Bima ya afya nayo msiisahau: aliyejiajiri analipia SHA mwenyewe, asilimia 2.75 ya mapato ya nyumba yake kama yalivyotathminiwa, chini kabisa 300 kwa mwezi, na inalipwa ya mwaka mzima kwa pamoja. Tenga mapema, ukingoja uugue umechelewa.

#6 MwenyePloti_Bamburi

Nimesoma yote. Mimi niko upande wa pili, nina ploti ya vyumba kumi na viwili. Niwaeleze kwa nini tunashtuka tukisikia neno biashara, kwa sababu wapangaji wengi hudhani ni roho mbaya.

Mimi nalipa KRA asilimia 7.5 ya kodi ninayopokea, kila mwezi kabla ya tarehe 20. Hadi mwisho wa 2023 ilikuwa 10. Utaratibu huo ni wa nyumba za makaazi peke yake. Nyumba ikihesabiwa ya biashara inatoka huko, inaingia kwenye hesabu nyingine kabisa. Na mwenye nyumba aliyesajiliwa kwa VAT, ushuru wa ongezeko la thamani, inambidi atoze asilimia 16 kwenye kodi ya biashara, ilhali ya makaazi haina VAT.

La pili ni Sura 301, sheria ya wapangaji wa maduka na hoteli. Mpangaji wa duka ana ulinzi ambao wa nyumba ya kuishi hana. Kumtoa au kumpandishia kodi ni notisi ya fomu maalumu, si chini ya miezi miwili, na akipinga tunakwenda kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara. Nina jamaa aliyempangisha mtu chumba cha mbele, akaweka meza moja, kisha viti vya kinyozi, kisha kibao. Siku ya kumtoa, kijana akasema yeye ni mpangaji wa duka. Walisumbuana muda mrefu.

Kwa hivyo mpangaji akija na karatasi kama ya huyu binti, iliyosema wazi nyumba itabaki makaazi, mimi natia sahihi siku hiyo hiyo. Ninachokiogopa ni kugundua mwenyewe.

#7 Wakili_Kizingo

Mzee wa Bamburi amegusa jambo lenyewe, naongezea kidogo.

Sura 301 inasema "duka" ni mahali panapotumiwa pote au kwa sehemu kubwa kwa biashara ya kuuza, au kwa kutoa huduma kwa malipo. Shikeni hayo maneno "kwa sehemu kubwa". Mtu anayelala, kupika na kulea watoto nyumbani na ana meza ya kompyuta pembeni, nyumba yake bado ni nyumba. Akihamisha familia na kugeuza sebule kuwa saluni, hali imebadilika. Ndiyo maana kile kifungu cha BintiTudor kwamba nyumba inabaki makaazi kinamfaa mwenye nyumba na kinamfaa yeye.

Kugeuza matumizi ya jengo kutoka makaazi kuwa biashara kunahitaji idhini ya kaunti chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya 2019. Kwa anayeandika na kurekodi chumbani, bila kibao, bila foleni ya watu, bila mashine ya kelele, majirani hawana cha kulalamikia na ni nadra hilo kuwa tatizo. Leseni ya biashara ya kaunti ni jambo lake peke yake. Nenda uulize daraja la kazi yako na upate jibu kabla askari wa kaunti hawajakuuliza wewe.

Kwa asiye na mkataba wa maandishi, kama KijanaMajengo: kutokuwa nao hakuna maana kwamba wewe si mpangaji. Ukilipa mwezi kwa mwezi, Sheria ya Ardhi ya 2012 inakuhesabu mpangaji wa mwezi, na notisi haiwezi kuwa chini ya mwezi mmoja. Mwenye nyumba haruhusiwi kukupigia kufuli mlango kwa sababu amekasirika, anatakiwa kupitia njia ya sheria. Lakini ukiwa na deni la kodi, anaweza kumtuma dalali mwenye leseni azuie mali iliyo ndani. Hapo ndipo mfanyakazi wa nyumbani ana hatari kuliko mwengine, kwani mali iliyo ndani ndiyo kazi yake. Kama una kamera au kompyuta ya mteja, uwe na barua inayosema ni yake.

Kuhusu ardhi ya Majengo: nyumba bila ardhi ni jambo la kawaida Mombasa, mmoja anamiliki kuta na paa, mwengine ardhi, na mwenye kuta anamlipa mwenye ardhi. Zungumza na Bi wako, yeye ndiye aliyekupangisha. Lakini hawezi kukupa ruhusa asiyokuwa nayo. Mwombe akwambie waliafikiana nini na mwenye ardhi kuhusu biashara.

#8 Mtwapa_Mwisho

Nami naomba niongeze moja kwa sisi tunaohama kutafuta kodi nafuu. Mtwapa si Mombasa. Ukishavuka daraja umeingia Kaunti ya Kilifi, leseni yako ni ya Kilifi. Nililipa ya Mombasa mwaka mzima kwa sababu wateja wangu wote wako Nyali, halafu nikaulizwa ya Kilifi. Shanzu ni Mombasa. Likoni ni Mombasa, Waa ni Kwale. Kazi inahesabiwa pale unapoifanyia.

#9 BintiTudor

Hilo ni la maana sana, asante.

KijanaMajengo, mwanangu, mimi naogopa zaidi ile mashine yako ya joto kuliko ardhi. Nyumba ya Kiswahili ya zamani, nyaya zimepita juu ya boriti, na pengine vyumba sita viko kwenye saketi moja. Kabla hujamwendea Bi, mlete fundi wa stima aliye na leseni aangalie waya, umwendee ukiwa na jibu lake mkononi. Na ukumbi ni wa wote, usiweke maboksi ya fulana humo hata usiku mmoja. Watu wakikimbia moto wanapita hapo.

Kwa walio Mji wa Kale, nyie mna la ziada: ni eneo linalohifadhiwa, kubadilisha mbele ya nyumba au kutundika kibao mlangoni kunapitia ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ya Taifa. Usitoboe mlango wa kuchonga kwa ajili ya kibao cha shilingi mia tano.

Sasa la wateja, maana niliahidi yote. Kuna kampuni moja ilinifanya nitafsiri kurasa mia na kitu, kisha ikanyamaza. Shilingi 85,000. Mkataba hatukuwa nao, nilikuwa na barua pepe na ujumbe wa simu. Niliandika barua ya madai nikawapa siku kumi na nne. Kimya. Nikaenda Mahakama ya Madai Madogo.

#10 Mtwapa_Mwisho

Ikawaje? Wengi tunaogopa kortini, wakili ni pesa.

#11 BintiTudor

Sikuweka wakili. Mahakama hiyo inashughulikia madai yasiyozidi milioni moja, sheria inataka iamue ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia. Haishikilii sana kanuni nzito za ushahidi, kwa hivyo nilichapisha mazungumzo yote kwa mpangilio wa tarehe: hapa waliomba, hapa walikubali bei, hapa nilituma, hapa waliandika "tumepokea, asante". Ukurasa ule wa "tumepokea" niliupigia mstari. Walipopelekewa hati za wito walilipa kabla ya siku ya kusikizwa.

Tangu hapo sianzi kazi bila karatasi ya ukurasa mmoja: kazi ni gani, bei, nusu mbele, marekebisho mara ngapi, tarehe ya kulipa. Si lazima iwe na lugha ya mawakili.

#12 Wakili_Kizingo

Ongeza kifungu cha hakimiliki. Sheria yetu inasema kazi iliyoagizwa, hakimiliki inahesabiwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Yaani mchora nembo asipoandika kitu, nembo ni ya mteja. Andika kwamba hakimiliki inahama baada ya malipo yote kukamilika. Sentensi moja hiyo ingemfanya mteja wako akose raha ya kuitumia tafsiri asiyoilipia. Kwa wanaorekodi sauti iwe na maneno ya ziada: sauti itumike wapi na kwa muda gani. Tangazo la redio la miezi mitatu lisije likawa la miaka mitano.

Na kama unapokea mahojiano, majina au rekodi za watu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu. Mwenye mapato chini ya milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya kumi kwa kawaida hahitaji kujisajili, ila kuna kazi kama za afya ambazo haziangalii ukubwa. Kutunza siri ni wajibu wa kila mtu. Kompyuta unayomwazima shemeji jioni isiwe ndiyo yenye faili za mteja.

#13 MhasibuChangamwe

Na jina la biashara. Ukitumia jina lako kamili huna haja ya kulisajili. Ukitaka jina jingine unalisajili kupitia eCitizen, gharama ni ndogo, na benki itakudai hicho cheti ukitaka akaunti ya jina hilo. Asiyejua kutumia eCitizen aende Huduma Centre pale Posta, Digo Road, atasaidiwa. Tenga pesa za kazi na za nyumba hata kama ni laini mbili za simu tu.

#14 KijanaMajengo

Wadau, nimerudi baada ya wiki moja. Fundi alikuja, akasema waya wa chumbani kwangu ni mwembamba na hauwezi kuibeba ile mashine. Nimevuta waya mpya kutoka kwenye boksi la mbele na swichi yake ya kujizima, nimetumia 6,500. Kisha nikamwendea Bi na ile karatasi, niliifuata ya dada BintiTudor nikabadilisha maneno. Aliisoma mara mbili, mjukuu wake akamsomea mara ya tatu. Amekubali. Mashine iwashwe kuanzia saa tatu asubuhi hadi adhuhuri tu, kwa sababu mchana analala, na fulana nizianike uani upande wangu. Kodi imebaki ile ile hadi Desemba.

Alichoniambia kuhusu ardhi ni kwamba mwenye ardhi alikataza hoteli na gereji, hayo tu, lakini hayakuandikwa popote. Je, nimpelekee na yeye nakala?

#15 BintiTudor

Hongera sana mwanangu. Ndiyo, mpelekee, lakini usiende peke yako, mwende na Bi, na yeye ndiye azungumze kwanza. Wewe utoe nakala tu ukiulizwa. Na mwombe Bi akuandikie kwa mkono wake hayo maneno ya hoteli na gereji, aweke tarehe.